Mahali pa Kujenga: Nyashimo na Mvua Isiyo na Hakika

1. Watu waishio kwa kutazama mbingu

Duniani wako watu wengi ambao kazi yao hutegemea mambo yashukayo kutoka juu. Katika nchi za baridi, kama Austria, Uswisi na Finland, theluji huanguka kila mwaka wakati wa baridi na kuifunika ardhi. Huko wako watu ambao kazi yao na furaha yao ni kuteleza juu ya theluji hiyo, wakiwa wamefungwa miguuni mbao ndefu nyembamba. Mtu wa namna hii hawezi kukaa popote. Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji, alisafiri mpaka Finland ili ajifunze kazi hiyo, kwa kuwa kwao hakuna theluji. Mwaka 1998 alishindana huko Nagano, Japani, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, naye alikuwa Mkenya wa kwanza kufanya hivyo.

Walakini theluji nayo imeacha kuaminika. Katika nchi ya Bolivia uko mlima uitwao Chacaltaya, wenye kimo cha zaidi ya mita 5,000. Zamani watu walipanda huko kwenda kuteleza juu ya barafu yake ya kale, wakajenga na nyumba ya kupumzikia. Barafu ile ikapungua mwaka hata mwaka, na ilipofika mwaka 2009 ilikuwa imekwisha. Nyumba ilibaki, bali kile kilichowafanya watu waijenge hakikubaki.

Basi mtu afuataye theluji sharti ajiulize, "Nikae wapi, ikiwa kitu ninachokifuata hakina hakika?" Katika Nyashimo hakuna theluji hata punje moja, lakini swali ni lile lile, tena ni zito zaidi. Mtelezaji akikosea mahali pa kukaa, hukosa mchezo wake. Mkulima akikosea, watoto wake hulala na njaa.

2. Nchi ya Nyashimo

Nyashimo ni mji mdogo ulio makao makuu ya Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kutoka sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na katika wilaya zake Busega peke yake ndiyo iliyogusana na Ziwa Victoria. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita hapo. Msafiri akiifuata kuelekea Musoma hufika Lamadi, ambako njia ya Bariadi huachana nayo. Upande wa ziwa iko Ghuba ya Speke, iliyopewa jina la Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika penye ziwa hilo mwaka 1858. Upande wa mashariki, ukanda mrefu wa Hifadhi ya Serengeti hunyoosha mkono wake mpaka karibu na ziwa.

Mgeni apitaye kwa gari huona nchi moja tu, tambarare na vilima vya mawe. Lakini Msukuma aliyezaliwa hapo huona nchi nyingi, kila moja na jina lake. Chini ya mawe ya kilima uko udongo wa mchanga uitwao luseni. Udongo huo ni mwepisi kulima, nao hufaa mihogo, viazi vitamu na karanga. Chini yake iko itogolo, ambayo huwa na tabaka gumu ndani. Maji hayazami upesi, na watu huigawanya kwa matuta kuwa majaluba ya mpunga. Chini kabisa iko mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama huweza kuingia. Wakati wa mvua hugeuka tope lishikalo magurudumu na miguu.

Mpangilio huo si wa bahati. Kwa miaka mingi sana maji ya mvua yameuchukua udongo mwembamba kutoka juu na kuuweka chini, yakaacha mchanga mlimani. Kwa hiyo mtu aweza kutembea nusu saa tu kutoka kilimani mpaka bondeni, akavuka nchi tatu zenye tabia mbalimbali.

3. Kwa nini mvua haina hakika

Mkoa wa Simiyu hupata mvua ya milimita 600 mpaka 900 hivi kwa mwaka. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Bukoba hupata yapata milimita 2,000. Ziwa ni lile lile. Mbona tofauti ni kubwa hivi? Jibu ni upepo. Pepo nyingi za nchi hii hutoka mashariki. Zikipita juu ya ziwa hubeba mvuke wa maji, nao mvuke huo huangushwa kama mvua katika pwani ya magharibi. Kwa hiyo mtu wa Nyashimo huona maji yasiyo na mwisho mbele ya macho yake, huku mahindi yake yananyauka nyuma ya nyumba. Kuona maji si kupata mvua.

Tena jumla ya mvua si jambo la pekee la kuangaliwa. Kwa kawaida mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, mara nyingi hukatika Januari au Februari, kisha hurudi Machi mpaka Mei. Mahindi yakikosa maji majuma mawili au matatu wakati wa kutoa maua, magunzi hubaki bila punje, hata kama mvua kubwa itanyesha baadaye. Miaka miwili yaweza kuwa na kipimo kimoja cha mvua, na bado mwaka mmoja ghala ijae, na mwaka wa pili iwe tupu.

Asili ya mabadiliko hayo iko mbali. Katika miaka mingine maji ya Bahari ya Hindi huwa na joto zaidi upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia. Hapo mvuke mwingi huja Afrika Mashariki na mvua huzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2019. Katika miaka mingine mambo hugeuka, na mvua za mwisho wa mwaka huchelewa au hukosekana. Juu ya hayo, dunia yote inazidi kupata joto, nalo joto hukausha udongo upesi zaidi.

Wazee walitazama nyota. Watu wa pwani walikuwa na msemo kuhusu kundi la nyota liitwalo Kilimia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota zilimwonyesha mkulima mwezi wa kutayarisha jembe, wala hazikumwambia mvua itakuwa kiasi gani. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri kabla ya kila msimu. Utabiri huo ni msaada mkubwa. Lakini nao husema lielekealo kutukia, wala hauweki ahadi. Dalili ya mvua ni mawingu, walakini si kila wingu lina mvua.

4. Ziwa nalo halikai mahali pamoja

Mtu aweza kusema, "Kama mvua haiaminiki, na akae kando ya ziwa." Shauri hilo lina maana. Ziwani wako sato, sangara na dagaa. Maji ya kumwagilia mchicha, nyanya na vitunguu hayakauki. Mvuvi huweza kupata fedha hata mwaka ambao mkulima hapati kitu.

Lakini ziwa nalo hupanda na kushuka. Eneo lake ni kilometa za mraba 68,800 hivi, na sehemu kubwa ya maji yake haiji kwa mito, bali hunyesha kama mvua juu ya ziwa lenyewe. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda karibu mita 2 na nusu. Baadaye, katika ukame wa miaka ya 2005 na 2006, lilishuka sana, mashua zikaachwa penye matope. Kisha katika Mei 2020, baada ya mvua kubwa, lilipita kidogo kipimo cha mwaka 1964. Nyumba na mashamba mengi ya pwani katika Tanzania, Kenya na Uganda yakaingiwa na maji.

Hapa hesabu ndogo ina faida. Ikiwa ardhi ya pwani huinuka mita 1 kwa kila mita 100 mtu anapotembea kutoka majini, ziwa likipanda mita 2 na nusu litaingia nchi kavu mita 250. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu za wanadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo sharti ishikwe. Walakini penye pwani tambarare mita 60 peke yake hazimwokoi mtu na mafuriko. Ajengaye apime kimo cha ardhi, asipime umbali tu.

Tena katika maji ya pwani yaliyotulia, penye majani, hukaa konokono wabebao vijidudu vya kichocho. Mtoto achezaye humo kila siku huweza kupata ugonjwa huo, akakojoa damu au akaumwa tumbo bila kujua sababu. Basi ziwa ni jirani mwema kwa mtu ajuaye kukaa naye kwa adabu.

5. Hekima ya wazee

Wazee wa Usukuma hawakuwa na vipimo vya mvua, lakini walijua jambo moja kubwa: mahali ambapo pote ni pema kila mwaka hapapatikani. Kwa sababu hiyo hawakuweka tumaini lao lote katika shamba moja. Mtu alilima mihogo kidogo katika luseni, mtama mahali pengine, na mpunga katika itogolo. Mwaka wa mvua nyingi mpunga ulistawi hata kama viazi vilioza. Mwaka wa mvua haba mihogo na mtama vilivumilia hata kama majaluba yalikauka.

Kadhalika walihifadhi chakula kwa namna isiyooza upesi. Viazi vitamu vibichi vilikatwa na kuanikwa juani vikawa michembe. Vingine vilichemshwa kwanza, ndipo vikaanikwa, navyo huitwa matobolwa. Ng'ombe nao hawakukaa wote katika zizi moja. Wengine waliwekwa kwa ndugu na rafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga mahali pamoja, mtu asibaki mikono mitupu.

Tena walitenga malisho. Sehemu ya ardhi ilifungwa wakati wa mvua, majani yakaachwa yakue, na ng'ombe wakaingizwa humo wakati wa kiangazi kikali. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Desturi hiyo ilififia sana pale miti ilipokatwa na watu walipohamishwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na nchi ya Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Mradi huo haukuleta jambo geni; ulirudisha ngitili. Mwanzoni zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu. Baada ya miaka kumi na mitano ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, na miti, nyuki na ndege wakarudi pamoja nazo.

6. Kuhama mbali

Watu wengine hawakuona njia ila kuhama. Usukuma una historia ndefu ya kuhama. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni, ikiona kwamba watu na ng'ombe wamesongamana, iliwahimiza watu waende Geita na sehemu nyingine zilizokuwa na watu wachache. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, watu wengi wa Tanzania walihamishwa wakakaa pamoja kando ya barabara. Walipata kuwa karibu na shule na zahanati, lakini wengi walijikuta mbali na mashamba yao na malisho yao. Baadaye Wasukuma wengi walifuata malisho na mvua mpaka Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero.

Wengine walifanikiwa huko, wakapata mashamba mapana. Wengine waligundua kwamba nchi ionekanayo tupu ina wenyewe, au ina kazi yake. Usangu ni bonde lilishalo mto Ruaha Mkuu, na maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliamriwa kutoka huko pamoja na mifugo yao, nao wakaanza tena safari.

Kwa sheria ya sasa, mtu haokoti ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka ardhi hiyo chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na mgeni atakaye kukaa sharti aombe kwake. Sheria hiyo hiyo husema kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Basi ahamaye bila kuuliza huacha ardhi aliyo na haki nayo, akaenda penye ardhi asiyo na haki nayo.

7. Baraza la nyumba moja

Na ifikiriwe nyumba moja ya watu sita, iwe mfano wa nyumba nyingi. Yuko baba, mama, bibi mzee, kijana wa kiume aliyekwisha kumaliza shule, msichana wa darasa la sita, na mtoto mdogo. Nyumba yao ya nyasi iko ukingoni mwa mbuga. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia mlangoni. Mwezi wa Agosti kisima chao hukauka, na maji hutekwa umbali wa kilometa 2. Katika misimu mitatu, mavuno yamekosekana miwili. Wana ng'ombe kumi na wawili.

Jioni moja baba akawaita wote. Akasema, "Nchi hii imetuchoka. Ndugu zangu wako Rukwa, wanavuna kila mwaka. Tuuze nyumba, tuchukue ng'ombe, twende."

Kijana akajibu, "Baba, kwa ruhusa yako. Rukwa ni mbali. Afadhali tujenge pwani. Nitavua, na mashine ya kuvuta maji itatupa bustani mwaka mzima."

Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Mjukuu wangu, nilikuwa mtoto ziwa lilipopanda, mwaka ule wa 1962. Niliona watu wanabeba milango ya nyumba zao vichwani. Wewe mwenyewe uliyaona maji ya mwaka 2020. Bustani na iwe pwani, kwa maana bustani yaweza kupandwa tena. Mtoto aliyelala hapandwi tena."

Mama akasema, "Baba, tunacho kile kipande cha luseni penye mteremko, juu ya itogolo. Ni chetu, na majirani wanajua mipaka yake. Maji hayafiki huko, na shule iko karibu."

"Na kisima je?" baba akauliza. "Huko juu hakuna kisima kabisa."

Ndipo msichana akaomba kusema. Alikuwa ameleta daftari lake. "Shikamoo, baba. Mwalimu ametufundisha kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tukijenga nyumba ya bati lenye mita za mraba 40, mvua ya milimita 700 itatupa lita 28,000. Tukiondoa sehemu ya tano ipoteayo, zabaki lita 22,400. Hata mwaka mbaya wa milimita 500 tutapata lita 16,000."

"Utaziweka wapi?" baba akauliza.

"Hilo ndilo swali, baba. Tangi la lita 5,000 litajaa hata katika mwaka mbaya. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja, litakwisha kwa siku 41. Lakini tukilitumia kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kwa mtu, litatosha siku 166, nazo zinapita kiangazi chote. Maji ya kufulia na ya ng'ombe tutayafuata mbali kama sasa." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Sasa tunateka ndoo sita za lita 20 kila siku. Kila ndoo ni kilometa 4, kwenda na kurudi. Mimi na mama tunagawana kilometa 24. Siku nyingine nafika shuleni hesabu imekwisha."

Baba hakujibu upesi. Bati na tangi huhitaji fedha, na fedha ya nyumba ile ilikuwa zizini. "Itatulazimu kuuza ng'ombe wanne," akasema, akimtazama kijana. "Hao ni wa mahari yako."

Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa na mchumba kijiji cha pili, na wazazi wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kusemezana. Mwisho akasema, "Nitangoja, baba. Nipe mwaka mmoja wa bustani pwani, mbali na ukingo kama sheria isemavyo. Nikipata, nitarudisha mmoja mmoja."

"Na mvua ikikosa miaka miwili mfululizo?" baba akauliza tena.

Mama akajibu, "Mwaka wa kwanza tutakula mihogo na michembe. Mwaka wa pili tutauza ng'ombe. Walakini hatutauza ardhi, kwa maana ng'ombe huzaa, na ardhi haizai ardhi."

Basi wakakata shauri. Nyumba itajengwa mteremkoni, mihogo na viazi viwe karibu nayo, mpunga ubaki katika majaluba ya itogolo, sehemu moja ya mbuga ifungwe iwe ngitili, na kijana awe na bustani pwani. Ng'ombe wawili watapelekwa kwa ndugu wa Rukwa wakatunzwe huko. Baba hakufurahi kabisa. Usiku ule alikwenda zizini peke yake, akasimama huko muda mrefu. Asubuhi akawachagua ng'ombe wanne kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuwachagua waliokonda.

8. Mambo ya kupima

Nyumba ile haikupata hakika. Hakuna awezaye kuinunua. Ilichopata ni nafasi ya kukosea bila kuangamia, na hilo ndilo jambo kubwa katika kuchagua makao. Atakaye kujenga na apime mambo haya.

Kwanza, atazame mwaka mbaya, asitazame mwaka mwema. Kila mahali pazuri panapendeza wakati wa mavuno. Aulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko, na kisima kilikauka mwezi gani mwaka wa ukame.

Pili, atenganishe nyumba na shamba. Nyumba hutaka mahali pakavu, penye usalama, karibu na maji safi na shule. Mashamba yaweza kuwa mbali mbali, kila moja katika udongo wake.

Tatu, ahesabu miguu ya wale watekao maji. Mara nyingi mwenye kuchagua mahali pa kujenga siye abebaye ndoo.

Nne, ajue majirani wote, hata wasio watu. Karibu na Serengeti tembo huingia mashambani, na usiku mmoja huweza kumaliza kazi ya mwaka.

Tano, auangalie msaada unaokuja, asiungoje bila kufanya kazi. Mwaka 2017 ulikubaliwa mradi mkubwa wa kuyapeleka maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu, kuanzia Busega. Bomba likifika ni heri. Lakini bomba halinyeshei mahindi.

Sita, ahakikishe haki yake ya ardhi kabla ya kuchimba msingi, na wote wa nyumba wasikilizwe. Nyumba huchaguliwa siku moja, lakini hukaliwa na wengi kwa miaka mingi.

Maswali

1. Mtelezaji wa theluji na mkulima wa Nyashimo wanafanana kwa jambo gani? Wanatofautiana kwa jambo gani?
2. Kwa nini Bukoba hupata mvua nyingi kuliko Nyashimo, ingawa pote pawili pako kando ya ziwa moja?
3. Taja namna tatu za udongo wa Usukuma na mazao au kazi ifaayo kila mmoja.
4. Ardhi ya pwani ikiinuka mita 2 kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita 2 na nusu litaingia nchi kavu mita ngapi?
5. Paa la shule yenu lina mita za mraba ngapi? Mvua ya milimita 600 ingetoa lita ngapi, ukiondoa sehemu ya tano?
6. Baba alitaka kwenda Rukwa. Je, shauri lake lilikuwa baya? Eleza faida zake na hatari zake.
7. "Ng'ombe huzaa, na ardhi haizai ardhi." Mama alikuwa na maana gani?
8. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: katika maisha yao ni mwaka gani ulikuwa wa ukame mkubwa, na mwaka gani wa mafuriko? Andika walivyoponea.